Ziada ni Nini? Suala la Chakula na Wingi wa Watu

Katikati ya Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba idadi ya watu duniani imefika milioni 8,000. Mwaka 1960 walikuwa milioni 3,000. Hapa kwetu sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, na sensa ya 2022 ikahesabu milioni 61.7, yaani mara tano katika muda wa miaka 55. Tarakimu hizi zikitajwa darasani, swali linalofuata ni lile lile kila mwaka: Je, watu wote hawa watakula nini?

Ni swali la haki. Lakini namna linavyoulizwa, aghalabu huwa limekwisha kubeba jibu lake, kwamba njaa inatokana na wingi wa midomo. Katika makala haya tunakusudia kulichambua swali hilo, kuonyesha wapi lina ukweli na wapi linapotosha, halafu kulileta mahali linapotuhusu sisi makada, yaani wilayani na kijijini. Huko kila msimu tunaandika katika taarifa zetu neno moja ambalo hatujalifikiria vya kutosha. Neno hilo ni "ziada".

Hoja ya midomo mingi

Hoja hii si mpya. Aliyeipa sura ya nadharia ni Thomas Malthus, kasisi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1798. Alisema kwamba watu huongezeka kwa kuzidishwa: wawili, wanne, wanane, kumi na sita, na chakula huongezeka kwa kujumlishwa: kimoja, viwili, vitatu, vinne. Kwa hiyo siku zote watu watakipita chakula, na njaa, maradhi na vita ndivyo vitakavyowapunguza. Kutokana na hoja hiyo alizipinga sheria za kuwasaidia maskini wa nchi yake, kwa madai kwamba msaada ungewafanya wazidi kuzaana. Ndugu msomaji, tazama jinsi hesabu hii inavyofanya kazi. Shida inayotokana na mpangilio wa jamii inageuzwa kuwa amri ya maumbile, na mwenye ghala hana tena la kujibu.

Historia imekwenda kinyume na hesabu hiyo. Mwaka 1961 dunia ilivuna nafaka zisizofika tani milioni 900. Siku hizi huvuna kama tani milioni 2,800. Watu wameongezeka mara mbili na nusu na kidogo zaidi. Nafaka zimeongezeka mara tatu. Ukizigawa tani hizo kwa watu milioni 8,000, kila mtu, mzee kwa mtoto, anapata kilo 350 kwa mwaka, karibu kilo nzima kwa siku. Kilo ya mahindi inamtosha mtu mzima anayefanya kazi siku nzima, na kitu kikabaki. Hapo hatujataja muhogo, viazi, ndizi, maharage, samaki wala nyama.

Basi kilo hiyo inakwenda wapi? Sehemu inayoliwa na binadamu moja kwa moja haifiki nusu. Zaidi ya theluthi hulishwa mifugo ili iwe nyama, mayai na maziwa kwa wenye uwezo wa kuvinunua. Nchini Marekani, ambako ndiko kunakolimwa mahindi mengi kuliko kokote duniani, theluthi moja hivi ya mavuno huingia katika viwanda vya ethanoli, na sehemu kubwa yake huishia ndani ya matangi ya motokaa. Kwa hesabu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 majumbani, mikahawani na madukani vilitupwa vyakula na mabaki yake kiasi cha tani milioni 1,050. Biashara ya nafaka baina ya nchi na nchi kwa miongo mingi imekuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa makampuni manne: Archer Daniels Midland, Bunge, Cargill na Louis Dreyfus. (Bunge hii si ile ya Dodoma, ni jina la ukoo wa mwanzilishi wake.)

Na upande wa pili? Mwaka 2024, kwa taarifa ya FAO na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, watu milioni 673 walikuwa na njaa, na zaidi ya milioni 300 kati yao ni Waafrika, yaani mtu mmoja katika kila watano wa bara letu. Watu milioni 2,600 hawakuwa na fedha za kununua mlo kamili wa afya. Tangi la motokaa lina mnunuzi. Tumbo la mtu asiye na fedha halina sauti sokoni.

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1943, katika jimbo la Bengal lililokuwa chini ya utawala wa Mwingereza, walikufa kwa njaa na maradhi yake watu wanaokadiriwa kuwa kati ya milioni mbili na tatu. Mwanauchumi Amartya Sen, mzaliwa wa jimbo hilo hilo, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1981 kwamba chakula kilichokuwapo Bengal mwaka 1943 kilizidi kile cha 1941, mwaka ambao haukuwa na njaa. Kilichobadilika ni bei na mshahara. Matumizi ya vita yaliupandisha bei mchele mara kadhaa. Wafanyakazi wa viwanda vya vita mjini Calcutta waliuziwa mchele kwa bei nafuu. Vibarua wa mashambani, wavuvi na mafundi wadogo wa vijijini waliachwa wapambane na bei ya soko kwa ujira wa zamani. Waliokufa ndio hao. Hawakufa kwa sababu ya wingi wao, bali kwa sababu kazi yao haikuweza tena kununua wali.

Wastani haupikwi

Wapo wenzetu ambao wakifika hapa hufurahi na kufunga daftari. Husema: "Kumbe chakula kipo, tatizo ni mgawanyo tu." Jibu hili nalo ni nusu ya kazi. Kilo moja ya wastani wa dunia haijapata kupikwa katika chungu cha mtu yeyote. Mahindi ya Iowa hayawezi kuhesabiwa kuwa chakula cha mtoto wa Kilolo. Bara letu lina watu wapatao milioni 1,500, na makadirio ya Umoja wa Mataifa yanaonyesha kwamba litakaribia milioni 2,500 ifikapo mwaka 2050. Hapana budi sehemu kubwa ya chakula chao ilimwe hapa hapa, na wao wenyewe.

Uwezo wa kuongeza upo. Hekta moja ya mahindi Marekani hutoa tani 11 hivi. Kwetu wastani huwa kati ya tani moja na nusu na mbili. Pengo hilo halitokani na uvivu wa mkulima. Linatokana na mbegu, mbolea, mvua, barabara na mkopo. Mwaka 2006 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana mjini Abuja kufikisha matumizi ya mbolea kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015. Nchi nyingi, yetu ikiwamo, zilibaki mbali sana na lengo hilo. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza kazi miaka ya 1970, kilisimamisha uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bei za mbolea duniani zilipopanda, na vita vya Ukraine vikaziongeza mwaka 2022, mfuko mmoja wa kilo 50 ulipita shilingi 100,000, mpaka serikali iliporudisha ruzuku katika msimu wa 2022/23. Nchi yenye gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi ya mbolea ya naitrojeni, ilikuwa ikingojea meli. Mtu akisema kwamba mbolea si suala la siasa, mwulizeni ni suala la nini.

Nyanda za Juu: ghala lililojaa

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1972 Chama kilitoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Ukame wa 1973 hadi 1975 ukafuata, nchi ikatumia fedha nyingi za kigeni kununua nafaka nje, na ndipo ikaja kampeni ya kilimo cha kufa na kupona. Katika miaka hiyo iliwekwa bei moja ya mazao kwa nchi nzima, na mbolea ya ruzuku ikapelekwa hata mahali pa mbali na reli. Matokeo yake, mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, ambayo zamani usafiri ulikuwa ukila faida yote ya mahindi yake, ilikuwa ghala la Taifa. Hata baada ya utaratibu ule kuachwa, mikoa hiyo, pamoja na iliyozaliwa kutokana nayo kama Njombe, Songwe na Katavi, imeendelea kuwalisha wengine. Miaka ya karibuni taarifa za serikali zinaonyesha kwamba nchi inajitosheleza kwa chakula kwa zaidi ya asilimia 120. Hayo ni mafanikio, wala hatuna sababu ya kuyabeza.

Lakini mwaka 2022 ulifanywa utafiti wa afya wa nchi nzima, na watoto walio chini ya miaka mitano wakapimwa urefu. Kwa Taifa zima, watoto 30 katika kila 100 walikuwa wamedumaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa kama nusu, kwa hiyo hatua imepigwa. Je, ni mikoa gani iliyoongoza kwa udumavu? Iringa, asilimia 56.9. Njombe, asilimia 50.4. Rukwa, asilimia 49.8.

Tunamwomba msomaji arudie kuzisoma tarakimu hizo tatu. Ni mikoa ile ile.

Udumavu si ufupi wa ukoo, ingawa utasikia watu wakisema "sisi huku ndivyo tulivyo". Ni mtoto kukosa, kwa muda mrefu, chakula cha kutosha na cha namna mbalimbali, au kuugua mara kwa mara, tangu akiwa tumboni hadi anapofikia miaka miwili. Kinachopotea wakati huo hakirudi kwa urahisi, na si kimo peke yake. Akili na nguvu za kazi pia hupungua. Ukizungumza na watu utasikia kila mtu ana mshitakiwa wake. Wengine hulaumu ulanzi. Ulanzi una makosa yake, lakini haukuanza jana, na mtoto wa miezi minane hanywi ulanzi.

Tukiangalia kwa makini tunaona kwamba udumavu huu una uhusiano na jinsi mahindi yale yale yanavyozalishwa na kuuzwa. Kwanza ni nguvukazi ya mama. Yeye hupanda, hupalilia, huvuna, huteka maji, huchanja kuni. Mtoto mchanga, ambaye tumbo lake dogo linahitaji kulishwa mara nne au tano kwa siku, huachwa na dada yake wa miaka saba pamoja na kikombe cha uji mwepesi uliopikwa alfajiri. Mavuno yanayosifiwa yametokana kwa kiasi fulani na saa ambazo mtoto huyo hakulishwa. Pili ni chakula chenyewe: ugali asubuhi, ugali jioni, na mboga kidogo. Maharage yapo, lakini yanauzwa. Mayai yapo, lakini yanauzwa. Mahindi nayo hukobolewa yakawa sembe nyeupe, kiini chenye mafuta na vitamini kikaenda na pumba kwa nguruwe, kwa sababu dona limekuja kuonekana chakula cha jela na cha bweni.

Tatu, na hapa ndipo penye siasa hasa, ni wakati na kipimo cha kuuza. Mkulima mdogo huvuna Juni na Julai, akiwa na deni la mbolea, ada na dawa. Huuza wakati ule ule wanapouza wenzake wote, bei ikiwa chini kabisa. Dalali huja na gunia lake, nalo hushonewa "kofia" juu mpaka likawa lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza lumbesa, na uzito wa gunia haupaswi kuzidi kilo 100. Lakini nenda njia ya viazi Njombe uone. Anayebakiza mahindi nyumbani naye ana adui mwingine. Dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutafuna mahindi na makopa kwa nguvu hata baadhi ya watu wakampa jina la lori, Scania. Kwa kumwogopa huyo, mkulima huuza mapema zaidi. Ifikapo Januari au Februari, mtu aliyeuza magunia kumi hurudi sokoni kununua debe kwa bei ya wakati huo.

Sasa turudi kwenye neno letu. Katika nadharia ya uchumi ziada ni kile kinachobaki baada ya mzalishaji na jamaa yake kupata mahitaji yao. Je, gunia lililouzwa Julai na mtu atakayenunua debe Februari ni ziada? Tani zinazotoka katika mkoa ambao nusu ya watoto wake wamedumaa zimebaki baada ya mahitaji gani? Kwa mizani ya nchi ni ziada, maana kuna mji unaozinunua. Kwa mizani ya kaya ile ni sehemu ya sahani iliyoondolewa kabla mtoto hajala. Hatusemi Iringa isiuze mahindi. Mkulima anahitaji fedha, na Dar es Salaam inahitaji unga. Tunasema kwamba taarifa inayohesabu tani peke yake inaita kwa jina moja vitu viwili tofauti.

Mbaazi

Kuna mfano mwingine ambao ungestahili makala yake. Mbaazi hulimwa sana Lindi, Mtwara na Manyara. Huupatia udongo naitrojeni bila ya kungojea meli, huvumilia ukame, na punje yake ina utomwili mwingi, yaani ile protini inayomkosekana mtoto wa Njombe. Lakini tuliilima kama zao la kupeleka India tu. Agosti 2017 India, kwa kuwalinda wakulima wake, iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zote za kutoka nje. Bei hapa kwetu ilianguka vibaya, na wakulima wengi wakabaki na magunia yasiyo na mnunuzi. India ilitumia haki yake. Swali ni letu sisi: katika nchi hiyo hiyo moja mbaazi ziliozea kusini na watoto wakadumaa nyanda za juu, na hapakuwapo shule, jeshi, hospitali wala gereza lililoelekezwa mapema kuzinunua.

Maji ya Usangu

Tahadhari moja kwa wale watakaosema dawa ni kupanua mashamba tu. Katika bonde la Usangu mpunga uliongezeka sana kuanzia mashamba makubwa ya taifa ya Mbarali na Kapunga, na baadaye mifereji mingi ya wakulima wadogo. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto usiokuwa ukikauka, umekuwa ukikatika kiangazi. Chini yake kuna hifadhi ya wanyama, na mbele zaidi mabwawa ya Mtera na Kidatu. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu na mifugo yao kwa kuambiwa kwamba wao ndio waharibifu. Mto uliendelea kukatika. Sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa mifereji iliyoachwa ikivuta maji kiangazi wakati mashambani hamna mpunga. Kumtafuta mwenye hatia ni rahisi kuliko kufunga lango la mfereji, maana mwenye ng'ombe ni mgeni na mwenye mfereji ni mjumbe wa kamati.

Na wingi wa watu je? Hatuukwepi. Mwaka 2022 mwanamke wa Tanzania alikuwa akizaa kwa wastani watoto 4.8, na vihamba vya Kilimanjaro vimegawanywa hata havigawanyiki tena. Lakini uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kwamba uzazi hupungua pale watoto wanapoacha kufa, msichana anapobaki shuleni, na mama anapokuwa na kauli juu ya mwili wake na ardhi yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imempa mwanamke haki sawa na mwanamume. Katika vijiji vingi hati bado ina jina moja. Yule yule anayekosa saa za kumlisha mtoto ndiye anayekosa kauli katika idadi ya watoto.

La kufanya katika matawi

Tangu 2018 wakuu wa mikoa hutia sahihi mikataba ya lishe, na vijijini kuna siku ya afya na lishe kila baada ya miezi mitatu, ambapo watoto hupimwa. Mkutano mkuu wa kijiji nao kwa sheria ni kila baada ya miezi mitatu. Mikutano hii miwili haikutani. Taarifa ya mavuno husomwa hadharani na kupigiwa makofi. Taarifa ya watoto hubaki katika daftari la zahanati. Tunapendekeza kwamba kada wa kila tawi ahakikishe zinasomwa siku moja, moja baada ya nyingine, bila ya kutaja jina la mtoto wa mtu. Halafu wanakijiji waulizwe mambo manne: mwaka huu kila kaya itabakiza magunia mangapi mpaka mavuno mengine, nani atasimamia mizani ya kijiji siku dalali atakapokuja, mifuko isiyopitisha hewa ya kumzuia dumuzi itanunuliwa kwa mfuko gani, na wakati wa kupalilia watoto wadogo watalishwa wapi na nani.

Swali la nne ndilo litakaloleta ubishi, na wanaume wengi watataka kuliruka. Mwenyekiti asikubali lirukwe.